Saa ya Mali ya Chérie

Siku Georgette alipozikwa, Germaine hakulia. Watu walisema ana moyo wa jiwe, naye akawaacha waseme. Georgette alikuwa dada yake mkubwa. Mara mbili alimkimbia mumewe akiwa na uso umevimba, na mara mbili wazee wa ukoo walimrudisha, kwa sababu mali iliyotolewa alipoolewa ilikuwa imeliwa: mbuzi waliingia sufuriani, blanketi zilichakaa, pesa zilinunua bia. Na desturi ni hiyo, mali isiporudi kwa wakwe, mwanamke hawezi kurudi kwao. Mara ya tatu Georgette alirudi ndani ya sanduku. Germaine alikaa kwenye mkeka wa matanga akiwatazama wale wazee mmoja mmoja, wanavyomega tonge za bukari na kunawa mikono vizuri, kama watu wasiokuwa na doa.

Kwa hiyo Chérie, mtoto wake wa mwisho, alipoolewa, Germaine alisema neno moja: mali ya huyu haitaliwa.

Mumewe Casimir alikuwa amekwisha kufa. Mkubwa wa ukoo alikuwa Alphonse, kaka yake Casimir, mzee wa kiwanda cha Shituru mwenye sauti ya kengele. Wakwe walimletea koti lake na mbuzi wake kama desturi inavyotaka, na Germaine hakugusa hata mkia. Lakini pesa yenyewe aliichukua mbele ya wote, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Muke wa Casimir," Alphonse alimwambia, "mwanamuke hachungake mali. Mali iko ya banaume."

"Banaume banaichungaka mu tumbo, yaya," Germaine alijibu, akimwita yaya kama kaka mkubwa. "Minye nitaichunga pahali pengine."

Kuchunga wapi, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Miaka ile pesa ilikuwa kama mafuta ya nyama juani. Asubuhi unanunua nayo mfuko wa unga, jioni hainunui hata kopo. Wenye akili walikuwa wamenunua redio, shuka na mashine za kushona, halafu ukaja uporaji, na waporaji wakavibeba vyote mchana kweupe. Dola nazo zilitafutwa hata ndani ya magodoro. Germaine aliwaza juu ya kitu kidogo, kisichooza, kisichoshuka bei, ambacho mwanamke anaweza kulala nacho.

Akamkumbuka Madame. Zamani alifua nguo katika nyumba ya Mzungu mmoja, injinia, pale mjini. Siku Wazungu walipokimbia nchi, Madame aliacha friji, aliacha motokari, aliacha piano, akamwacha hata mbwa analia barazani. Kitu kimoja tu alikiingiza mkononi na kukifunika na mkono wa sweta: saa yake. Germaine alikuwa amesimama na kapu la nguo mbichi. Hakuna aliyemwambia asante wala kwaheri, na mshahara wa mwezi ule hakuupata mpaka leo. Lakini macho yalikuwa yake. Kitu ambacho tajiri anakibeba wakati anaacha vyote, hicho ndicho kitu.

Sokoni, mbele ya mahali alipouzia makala, yaani mkaa, palikuwa na meza ya Théodore. Théodore alitengeneza saa na kuziuza, kijana mnene wa mashavu, mwenye maneno matamu. Watu walikuja, wakabandika saa sikioni, wakaziuma kwa meno, wakaziangalia zinavyong'aa. Germaine hakufanya hata moja katika hayo. Alikaa juu ya gunia lake na kuangalia jioni tu, Théodore anapofunga kazi. Saa za kung'aa alizimwaga katika kasha la mbao kama karanga, akamwachia mlinzi wa soko. Moja tu, ya chuma, nzee, yenye michubuko kwenye kioo, aliivingirisha katika kitambaa na kuitia ndani ya shati, upande wa ngozi. Leo hivyo, kesho hivyo.

Germaine akavuka njia.

"Ile ya chuma ni bei gani?"

"Mama, leka ile. Iko nzee. Ona hii ya dhahabu, inaangaza mupaka Kambove."

"Kama inaangaza vile, juu ya nini kila mangaribi unaiachia mulinzi? Na ile nzee unalala nayo kama bibi yako."

Théodore alicheka, halafu akaacha kucheka. Alimtazama mama yule mwenye vumbi la makala mpaka kwenye nyusi, akavuta kiti.

"Mama, weye njo unajua kuuliza," alisema. Akaifungua mgongo kwa kisu chembamba. Ndani kulikuwa na magurudumu madogo kama mbegu za mchicha, na jina la kiwanda cha Uswisi limechorwa kwenye chuma chenyewe, pamoja na namba. "Ona. Saa ya bongo, ya kudanganya, inaandikwa ku sura tu. Hii imeandikwa mupaka mu tumbo. Hainywe pile, ile betri ndogo. Weye unatembea, nayo inatembea. Beba Lusaka, beba Bulaya, fundi akiifungua ataondoa kofia. Na vipande vyake bado vinapatikana. Saa ya kukosa vipande ni maiti."

"Na ile ya dhahabu?"

Théodore alikohoa. "Ile iko ya kuenda nayo mu fete ya ndoa."

Germaine alitoa mali yote, akaongeza vitenge viwili vya wax ambavyo havijapata sindano. Théodore aliomba kufikiri mpaka kesho. Germaine alikataa, maana kesho ile pesa ingekuwa karatasi ya kufungia karanga. Alifunga saa kwenye uzi kiunoni, chini ya vitenge vyote, akalala nayo na akasali misa nayo. Usiku akigeuka alisikia mlio wake, akajisemea: huyu mtoto hatarudishwa.

Habari ilimfikia Alphonse, kwa sababu mjini Likasi habari haina mguu mbovu. Jumapili baada ya misa akaja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa, wakanywa maji.

"Tunasikia mali ya mutoto wa Casimir umeitia mu chuma ya nzee," Alphonse alisema. "Leta tuione."

Aliileta. Alphonse aliigeuza geuza kwa vidole vilivyoliwa na tindikali, akaipima mkononi, akaguna.

"Itabidi ipite mu salle," alisema.

Salle ndio ule ukumbi mrefu wa kiwanda cha Shituru ambamo shaba inalala majini, katika tindikali, na umeme mkali unaivuta na kuibandika kwenye mabamba. Alphonse alikuwa ameumalizia humo ujana wake, na Casimir vilevile. Kila mfanyakazi alijua kwamba salle inaua saa. Mlangoni palipigwa misumari ukutani, na watu walitundika saa zao hapo kabla ya kuingia; aliyesahau alitoka na saa iliyokufa. Lakini wakubwa wa Kizungu waliingia nazo mkononi, wakazunguka humo, wakatoka, na saa zao zikaendelea kutembea. Basi wafanyakazi walifanya hesabu yao: saa ya kweli haiogopi salle, ni ya bongo tu ndiyo inayokufa. Maneno hayo baba alimwambia mtoto, na mtoto alimwambia mkewe. Casimir mwenyewe aliyasema mezani, akinyoosha mkono kuchukua mboga, na Germaine aliyaamini kama anavyoamini katekisimu.

Ndiyo sababu alikubali. Hakuogopa. Alijua alichonunua, na alitaka wale wazee waumbuke.

"Pima," alisema. "Na jioni irudi hapa, mu mukono yangu."

Alphonse akapita kwanza kwa Théodore, akaazima na ile ya dhahabu, eti ziende mbili, shahidi na mshitakiwa. Akaziweka zote karibu na nondo za shaba zinazoleta umeme, kazi nzima ya siku. Humo ndani saa zote mbili zilisumbuka. Ya dhahabu ilisimama, lakini walipotoka nje mshale wake ulishtuka, ukaendelea kama mtu aliyeamka usingizini. Ile ya chuma ilipagawa. Ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba, ikameza masaa, halafu ikasimama kabisa. Wenzake wa kazi waliizunguka wakicheka, na mmoja akasema shemeji ya Alphonse amenunua bati la sardini kwa mali ya binti.

Alphonse hakurudi nyumbani kwa Germaine. Alikwenda moja kwa moja sokoni.

Jioni akaingia, akaweka juu ya meza ile ya dhahabu.

"Hii ni nini?" Germaine aliuliza.

"Hii njo saa yako. Ile ingine ilikuwa ya bongo. Imekufa mu salle, banaume yote bameona. Nimekuokoa."

"Nilikuambia upime, yaya. Sikukuambia ubadilishe."

"Minye njo mukubwa wa familia."

"Ukubwa unakuwaka na macho. Weye uko na sauti tu."

Alphonse aliondoka bila kumaliza chai. Kesho yake sokoni Germaine akaambiwa na wauza mboga, wakishindana nani aanze, kwamba Théodore alimwongezea Alphonse mfuko mzima wa unga juu ya mabadilishano. Ule unga ulipikwa kwa Alphonse. Kwa Germaine halikufika hata bakuli. Alikwenda kumwuliza Théodore, na Théodore alikuwa amesafiri, eti Kolwezi. Akitafuta neno la kumshitaki Alphonse, hakulipata, kwa kuwa watu wa salle waliona kwa macho yao, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema pima. Hilo ndilo lililomchoma kuliko unga. Tangu siku ile akipita mbele ya Alphonse alitazama juu, kama anaangalia mvua.

Mvua zilipoanza, Chérie akaja kutoka Kambove kwa miguu, na viatu mkononi. Mdomo ulikuwa umepasuka na sikio moja halikusikia. Mumewe Nicolas alikuwa akinunua mawe ya madini kwa wachimbaji, na kila biashara yake ilipoharibika, aliitengeneza juu ya mwili wa mkewe.

"Mama, sirudi," Chérie alisema.

"Nani amekuambia urudi. Kaa, ule."

Hazikupita siku nyingi, akaja Joachim, baba yake Nicolas, na wanaume wawili. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia, akauliza habari za afya, akaketi mbele ya Alphonse na wale wazee wawili, na Germaine akakaa chini karibu na mlango.

"Siye hatukuje kupigana," Joachim alisema. "Mutoto akikataa ndoa, hatumufunge kamba. Lakini mali irudi. Na isirudi mu makaratasi ya pesa, munajua makaratasi ya leo. Irudi kitu cha kushika."

"Kitu kiko," Alphonse akasema, akainua kidevu. "Muke wa Casimir, leta saa."

Germaine akaleta. Mahali jasho lilipogusa, dhahabu ilikuwa imebanduka kama ngozi ya mwenye upele, na chini yake palikuwa peusi. Joachim aliikwaruza kwa ukucha, na dhahabu nyingine ikatoka, ikabaki ukuchani. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Mukwe," alimwambia Alphonse taratibu, "hii ni ya kuchezesha batoto."

Mmoja wa wale wazee akakohoa. Alphonse alikunja mikono juu ya koti lake, lile lile la mali, akasema maneno ambayo Germaine alikuwa ameyasikia mara mbili maishani mwake.

"Basi mutoto arudi kwanza. Nicolas ataomba pardon. Ndoa ni kuvumilia."

Germaine akainua kichwa pale mlangoni. "Munipatie mupaka siku ya Mungu," alisema. Joachim, kwa adabu yake, akakubali kungoja Jumapili.

Kesho asubuhi alikuwa sokoni kabla ya wauza mikate. Théodore alifungua meza, na alipoinua mkono kupanga vitu, mkono wa shati ukapanda. Saa ya chuma ilikuwa pale, inatembea, na mshale wake unazunguka bila haraka.

"Ilikufa," Germaine alisema.

Théodore alishusha mkono wa shati, lakini alikuwa amechelewa. "Haikufa, mama. Ilikuwa na homa ya courant. Ile umeme ya salle inaingiaka mu chuma ndogo ya ndani, inaifanya sumaku, inajikamata yenyewe. Niliipitisha katikati ya bobine, waya ya kuzungushwa, kidogo tu, ikapona."

"Na saa za wakubwa? Zile hazikufe."

"Zile zilitengenezwa kwa kazi ile. Ndani iko na kifuniko ya chuma kama kofia. Saa yako iko mwema, lakini haina kofia. Hata saa ya mufalme ingeugua mule."

"Ulijua, na ukamupatia yaya Alphonse hii takataka."

"Minye sikumuita. Alikuja mwenyewe, na sauti yake ile. Alisema, chukua maiti yako unipe mzima. Na unga nilimuongezea juu ya huruma," Théodore akasema, na mashavu yakacheka yenyewe.

"Rudisha."

"Mama, biashara ilifanyika mbele ya bantu. Na hii ya mukono imepata mununuzi."

Germaine hakupiga kelele. Aliburuta gunia lake la makala likatoa mstari mweusi barabarani, akaliweka mbele ya meza ya Théodore kabisa, magoti yake yakagusa mbao. "Basi nitauzia hapa," alisema. "Leo, kesho, na mwaka. Kila muntu atakayeinua saa, minye nitamuambia ni ipi unamuachia mulinzi na ni ipi unalala nayo. Ama siku ya Mungu unakuja kwangu, unasema mbele ya banaume haya uliyoniambia."

Mteja wa kwanza alikuja, mwalimu mmoja. Germaine akafungua mdomo. Théodore akasema, "Nitakuja."

Akaja kweli, ameoga, na kofia mkononi. Mbele ya Joachim na watu wake, mbele ya Alphonse na wazee, alieleza homa ya courant, na bobine, na kifuniko cha saa za wakubwa. Alieleza upesi kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Alisema bei ambayo saa ile ingepata, na Joachim akatikisa kichwa, kwa kuwa bei ile ingetosha mali na kubaki. Halafu Théodore akaondoka, na hakuna aliyemzuia.

Watu wote walimtazama Alphonse. Alikuwa amekuwa mdogo ndani ya koti.

"Sikujua," alisema. "Hata Casimir hakujua. Salle nzima haikujua. Kosa kama ile haina mwenyewe."

"Iko na mwenyewe," Germaine akasema. "Kupima tulikosa wote, nami nilikosa. Kubadilisha ulikosa weye, peke yako, na unga ukala weye. Uko na nyumba Kambove, uliyojenga ya kukaa siku ya pension. Iko na bati mupya. Bati zitoke, ziende kwa mukwe."

Alphonse akasimama. "Nyumba yangu? Nimefanya kazi mu tindikali maisha mazima juu ya nyumba ile."

"Na minye nimezaa mutoto huyu na mwili wangu."

Wale wazee wawili wakaanza kuguna. Mmoja akasema pengine Chérie angerudi kwa muda tu, mpaka mvua ziishe. Mwingine akasema hata sikio linapona. Chérie alikuwa nyuma ya pazia la chumba, na pazia lilitikisika.

Hapo Germaine akainuka. Mwanamke wa umri wake anavaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine. Alifungua cha juu, akakikunja taratibu, pindo juu ya pindo, akakiweka chini katikati ya wanaume. Kila mtu pale alijua kinachofuata. Mama mzee akijivua mbele ya wanaume wa ukoo kwa hasira, wakamwona alivyo, laana ile haiondolewi na padri wala mganga. Mkono wake ukashika fundo la kitenge cha pili.

"Dada yangu mulimurudisha, banaume kama mwiye," alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Minye sitaimba matanga ingine. Mutaona kwanza pahali mulitokea, halafu mumurudishe huyu."

Joachim na watu wake walikuwa wamekwisha kugeuza nyuso ukutani. Mmoja wa wale wazee akafunika macho kwa kofia.

"Muke wa Casimir," Alphonse alisema, na kengele ya sauti yake ilikuwa imepasuka. "Funga kitenge."

"Sema bati."

"Funga kwanza, tafadhali."

"Sema."

Vidole vyake vikaanza kulegeza fundo.

"Bati zitoke," Alphonse akasema, akitazama sakafu. "Zitoke zote."

Zilitoka Kambove wiki ile ile, kati ya mvua na mvua. Germaine alikwenda na Chérie, akasimama chini muda wote, mikono kiunoni, wakati vijana wa Joachim wanazing'oa na kuziteremsha. Joachim alikagua kila bati juani, asiridhike na lenye kutu, na Germaine hakubisha, maana alitaka mtu asije kesho kusema kitu kimebaki. Alphonse alikaa juu ya tofali mbele ya nyumba yake iliyo wazi juu.

Walipomaliza kufunga mizigo kwenye baiskeli, Joachim alisema mbele ya wote kwamba mali imerudi na mtoto ni wa kwao. Akamwuliza Germaine kama sasa moyo wake umetulia.

"Hapana," Germaine alisema.

Akainama, akaanza kuokota misumari. Ilikuwa imetawanyika matopeni, mingine imepinda, na Chérie akaja kumsaidia. Waliitia kwenye pindo la kitenge.

"Misumari ni yangu," Alphonse akasema kutoka pale kwenye tofali. "Bati njo ziliombwa. Misumari hatukuitaja."

"Njo vile," Germaine akajibu bila kuinua kichwa. "Hatukuitaja." Na akaendelea kuokota.